Barafu Haikuyeyuka Yote: Uhakiki wa Swali Moja la Fizikia

Kama uliwahi kusoma fizikia sekondari, swali hili unalijua hata kama umeshalisahau. Linakuja hivi:

Gramu 50 za barafu yenye nyuzi 0 za sentigredi zinatiwa ndani ya gramu 200 za maji yenye nyuzi 30. Ukipuuza joto linalopotea, tafuta jotoridi la mwisho la mchanganyiko.

Chini yake, ndani ya mabano, unapewa namba mbili za kukusaidia. Ya kwanza: gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Ya pili: gramu moja ya barafu huhitaji jouli 336 ili iyeyuke tu, bila kupanda hata nusu nyuzi. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa joto fiche la kuyeyuka. (Vipimo makini vinasema 334. Lakini 336 ukiigawa kwa 4.2 unapata 80 kamili, kwa hiyo ni rafiki wa mwanafunzi na leo tutaitumia hiyo.)

Watu huhakiki riwaya, filamu na nyimbo. Swali la mtihani huwa halihakikiwi, linajibiwa tu, kisha linasahihishwa, kisha linarudi mwakani likiwa limebadilishwa namba. Mimi naona swali nalo ni andiko. Lina mwandishi, lina wasomaji wengi kuliko riwaya nyingi, na lina mambo linayoyasema na mambo linayoyaficha. Kwa hiyo leo, msomaji, naomba tukae na swali hili la barafu na maji tulisome taratibu. Nina sifa moja ya kulipa na makosa matatu ya kulishitaki.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu lugha. Kwa Kiswahili cha kila siku "joto" linabeba mizigo miwili. Ukisema "leo kuna joto", unazungumzia kile ambacho kipimajoto kinasoma, na hicho kitaalamu ni jotoridi. Ukisema "jiko linatoa joto", unazungumzia nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Swali letu lote limesimama juu ya tofauti hiyo: barafu inapoyeyuka inameza joto jingi sana, huku jotoridi lake halisogei hata kidogo. Ukichanganya maneno hayo mawili, umeshapotea kabla hujashika kikokotoo.

Kwanza, sifa yake

Swali hili ni zuri kwa sababu linalazimisha hesabu ya haki. Joto halizuki wala halipotelei hewani kimiujiza. Alichotoa mmoja ndicho alichopokea mwingine. Hebu tulikokotoe kama watu wanaohesabu fedha.

Maji yana kiasi gani mfukoni? Yakishuka kutoka nyuzi 30 hadi 0, yatatoa 200 × 4.2 × 30, sawa na jouli 25,200. Hiyo ndiyo akiba yao yote kabla hayajaanza kuganda.

Barafu inadai kiasi gani ili iyeyuke yote? 50 × 336, sawa na jouli 16,800.

Akiba inatosha kulipa deni, na chenji inabaki: jouli 8,400. Chenji hiyo inapasha gramu zote 250 za maji tulizo nazo sasa, kuanzia nyuzi 0. Gawanya 8,400 kwa 250 × 4.2 unapata 8. Jotoridi la mwisho ni nyuzi 8. Safi kabisa.

Lakini wengi wetu hatukufundishwa hivyo. Tulifundishwa mkato: andika mlinganyo mmoja, upande huu joto lililopokelewa na barafu, upande ule joto lililotolewa na maji, kisha tafuta T.

50 × 336 + 50 × 4.2 × T = 200 × 4.2 × (30 − T)

Ukiukokotoa unapata T ni 8, jibu lilelile, tena kwa mistari michache. Sasa mbona nalalamika?

Kosa la kwanza: namba zimepangwa

Badilisha namba moja tu. Badala ya gramu 50 za barafu weka gramu 100. Maji ni yaleyale, gramu 200 kwenye nyuzi 30. Ingiza kwenye mlinganyo uleule:

100 × 336 + 100 × 4.2 × T = 200 × 4.2 × (30 − T)

Utapata T ni hasi 6.7.

Soma tena jibu hilo. Umechukua barafu ya nyuzi 0 na maji ya nyuzi 30, ukavichanganya, na hesabu inakwambia umepata maji ya nyuzi 6.7 chini ya sifuri. Yaani kitu ambacho ni baridi kuliko vyote viwili ulivyoanza navyo. Ni sawa na kuchanganya chai ya moto na chai ya vuguvugu ukapata juisi ya friji.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha tuisheni jioni, vijana wa kidato cha tatu na cha nne. Niliwapa swali hili likiwa na hizo gramu 100, bila kuwaonya. Kijana mmoja, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake, alimaliza wa kwanza. Nikamwona anaitazama karatasi yake, ananitazama mimi, anaitazama tena karatasi. Kisha akachukua ufutio, akafuta alama ya kutoa, akaacha 6.7, akapiga mstari mara mbili chini ya jibu.

Nikamuuliza kwa nini amefuta. Akasema, "Ticha, maji hayawezi kuwa hasi hapa."

Sentensi hiyo ni fizikia nzuri kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Aliona jibu haliwezekani. Lakini darasa lilikuwa limemfundisha kwamba mlinganyo haukosei, anayekosea ni yeye. Kwa hiyo alipoona kasoro aliamini ni mkono wake umeteleza, akaisafisha. Na mimi sikumcheka, kwa sababu nilimaliza kidato cha sita nikiwa na alama nzuri za fizikia bila kuwahi kujiuliza ile sehemu ya kwanza ya mlinganyo inadai nini hasa.

Inadai hivi: barafu YOTE imeyeyuka. Ukiandika 100 × 336 umeshatamka hivyo, hata kama hukusudii. Alama ya kutoa ilikuwa ni mlinganyo unamjibu yule kijana: ulichonieleza mwanzoni si kweli.

Turudi kwenye hesabu ya fedha. Akiba ya maji ni ileile, jouli 25,200. Deni la barafu sasa ni 100 × 336, sawa na jouli 33,600. Akiba haitoshi. Kwa hiyo barafu itayeyuka kwa kadiri ya fedha iliyopo: 25,200 gawanya kwa 336, gramu 75. Hapo maji yameshafika nyuzi 0, hayana kitu tena cha kutoa, na gramu 25 za barafu zinaendelea kuelea. Jotoridi la mwisho ni nyuzi 0. Basi.

Na kuna mwisho wa tatu, ambao sijawahi kuuona kwenye mtihani wa kidato cha nne. Chukua gramu 500 za barafu iliyotoka friza ikiwa na nyuzi hasi 20, uimwagie gramu 20 tu za maji ya nyuzi 5. Gramu moja ya barafu huhitaji jouli 2.1 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo barafu hii inaweza kumeza 500 × 2.1 × 20, jouli 21,000, kabla hata haijafika sifuri. Maji yakishuka hadi 0 yanatoa jouli 420, na yakiganda yote yanatoa 6,720 nyingine. Jumla 7,140. Yote yanamezwa na barafu bado haijashiba. Maji yameganda, na kila kitu kinaishia karibu nyuzi hasi 12.7.

Kwa hiyo swali la kuchanganya barafu na maji lina miisho mitatu: maji matupu, barafu na maji pamoja kwenye sifuri, au barafu tupu. Mtihani hutuonyesha mmoja tu, kwa sababu namba zimeshachaguliwa ili mlinganyo mmoja ufanye kazi. Uamuzi mgumu kuliko wote, ule wa kujua uko kwenye mwisho upi, mtunga swali ameshaufanya kwa niaba ya mwanafunzi. Alichomwachia ni kupanga namba.

Na uamuzi wenyewe si mzito. Ile 80 tuliyoipata mwanzoni inautosha. Gawanya jotoridi la maji kwa 80: unapata ni sehemu gani ya uzito wa maji inayoweza kuyeyushwa, ikiwa barafu ni ya nyuzi 0. Maji ya nyuzi 30: 30 gawanya kwa 80 ni 0.375. Gramu 200 za maji zitayeyusha gramu 75. Maji ya bomba yenye nyuzi 28: 0.35. Ukitia barafu inayozidi kidogo theluthi ya uzito wa maji, itabaki. Unaweza kufanya hesabu hiyo kichwani ukiwa umesimama jikoni.

Kosa la pili: "ukipuuza joto linalopotea"

Sentensi hii fupi tumeizoea kama tunavyozoea kelele za mtaani, hatuisikii tena. Isikilize leo. Joto gani linapotea?

Maji yameanza kwenye nyuzi 30. Chumba, tuseme ni Dar es Salaam mwezi wa pili, nacho kina nyuzi 30. Mchanganyiko unashuka kuelekea nyuzi 8. Kwa muda wote huo chumba kina joto kuliko glasi. Joto halipotei, linaingia! Sentensi inayofaa kwenye swali la chuma cha moto kilichotumbukizwa majini imehamishiwa kwenye swali la barafu bila mtu kuangalia upande joto linakokwenda. Mwanafunzi anayeamini kwamba joto limepotea atatarajia kipimo chake kisome chini ya nyuzi 8. Kitasoma juu, naye atadhani kipimajoto ni kibovu.

Jaribu nyumbani, vifaa ni vya kawaida: mzani wa jikoni, kipimajoto cha kimiminika, glasi, barafu. Nitakwambia mapema utakutana na nini.

Utakutana na glasi yenyewe. Glasi nzito ya gramu 250 inabeba joto takriban sawa na gramu 50 za maji. Ikianza kwenye nyuzi 30 na kupoa yote pamoja na maji, jibu letu linahama kutoka nyuzi 8 hadi karibu nyuzi 11.7. Chombo peke yake kimebadilisha jibu kwa karibu nyuzi 4! Ndiyo maana maabara hutumia kikombe chepesi, na ndiyo maana kikombe cha plastiki laini kitakupa jibu la karibu zaidi na la kitabuni.

Utakutana na barafu iliyolowa. Ukipima gramu 50 za barafu ambayo imeshaanza kutoa jasho, huenda gramu 5 kati ya hizo tayari ni maji. Maji hayo yameshalipiwa deni lake, hayataki kitu. Deni linashuka hadi 45 × 336, jouli 15,120, na jotoridi la mwisho linapanda hadi nyuzi 9.6. Kwa hiyo ifute barafu kwa kitambaa kikavu kabla ya kupima. Ukiona mwalimu wa maabara anasisitiza kitambaa, hakusumbui.

Utakutana na friza. Barafu ya friji za nyumbani mara nyingi si ya nyuzi 0. Ikiwa ni ya hasi 18, gramu 50 zinahitaji jouli 1,890 za ziada ili zifike sifuri, na jibu linashuka kutoka 8 hadi 6.2. Hapa kosa linavuta upande wa pili.

Na utakutana na matone nje ya glasi. Hayo hayakuvuja. Ni mvuke wa hewani uliogusa glasi baridi ukageuka maji. Kila gramu moja ya mvuke inayogeuka hivyo inaachia zaidi ya jouli 2,400, zinazotosha kuyeyusha gramu 7 hivi za barafu. Kwa hali ya hewa ya pwani, glasi yako inapashwa na unyevu uleule unaouona ukitiririka hadi mezani.

Simwambii mtunga swali aviweke vyote hivi. Kurahisisha ni kazi halali ya sayansi, na hakuna hesabu inayofanyika bila kuacha kitu. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mwanafunzi "puuza" na kumwambia "unapuuza nini, na jibu lako litaenda upande gani". La pili linachukua mstari mmoja tu wa ziada kwenye karatasi.

Kosa la tatu: zawadi ndani ya mabano

Ile 336 tunapewa bure. Hakuna anayesema ilitoka wapi, kana kwamba imechongwa kwenye mlima. Kumbe swali la kuchanganya barafu na maji lilianza maisha yake likiwa kinyumenyume: watu walijua jotoridi la mwisho kwa kulipima, walichokitafuta ni hiyo namba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1760, Joseph Black, mwalimu wa kemia na tiba huko Glasgow, Scotland, alikuwa anasumbuliwa na jambo ambalo wenzake walilipita. Iliaminika kwamba barafu ikishafika kiwango chake cha kuyeyuka, kajoto kadogo tu ka nyongeza kanatosha kuigeuza yote kuwa maji. Black akasema hapana: ingekuwa hivyo, theluji yote ya milimani ingeyeyuka kwa mkupuo mara joto la majira linapoanza, na mafuriko yangefagia kila kitu. Theluji huyeyuka polepole, kwa wiki nyingi. Kuna joto linaingia ambalo kipimajoto hakilioni.

Akachukua chupa mbili zinazofanana, zenye maji ya uzito mmoja. Moja akaigandisha, nyingine akaipoza hadi karibu na kuganda. Akaziacha kwenye ukumbi ambao hewa yake haikubadilikabadilika. Alitumia vipimo vya Fahrenheit, ambavyo sifuri yetu kwao ni 32. Maji yalipanda kutoka 33 hadi 40, nyuzi 7, kwa nusu saa. Barafu ilifika 40 baada ya saa 10 na nusu, yaani nusu saa 21. Kama joto liliingia kwa kasi ileile, barafu imepokea 21 × 7, yaani "nyuzi" 147 za joto. Lakini kipimajoto kinaonyesha imepanda nyuzi 8 tu, kutoka 32 hadi 40. Nyingine 139 ziko wapi? Zimejificha. Ndiyo maana tunaita joto fiche.

Geuza 139 kuwa nyuzi za sentigredi, unapata 77 na kidogo. Leo tunasema 80. Kwa chupa mbili, ukumbi na saa ya ukutani, alikosa kwa takriban 3 katika kila 100. Baadaye alihakikisha kwa njia yetu hii hasa, kutia barafu kwenye maji ya moto na kupima yalikoishia. Hakuwa mtu wa kukimbilia kuchapisha: mihadhara yake ilitoka kitabuni mwaka 1803, miaka minne baada ya kifo chake.

Miaka ishirini hivi baada ya Black, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa walitengeneza chombo kilichozungushiwa barafu. Ndani yake waliweka kitu chochote walichotaka kupima joto lake, hata simbilisi aliye hai. Kisha wakapima maji yaliyochuruzika chini. Tabaka la nje la barafu lilizuia joto la chumba lisiingie kuharibu hesabu. Uone jinsi walivyofikiri: ndani ya chombo kile jotoridi lilibaki sifuri mwanzo hadi mwisho. "Tafuta jotoridi la mwisho" lingekuwa swali la kipuuzi kwao. Jibu lao lilikuwa uzito wa maji, yaani barafu kiasi gani imeyeyuka.

Yaani mwisho ule wa pili, ambao mitihani yetu inaukwepa, ndio uliowapa wanasayansi kifaa.

Kwa nini nimekasirika

Ungeweza kuniambia: sawa, lakini hili ni swali la alama tano tu, mbona makelele? Kwa sababu nje ya chumba cha mtihani mwisho wa pili ndio tunaoutegemea, na mwisho wa tatu ndio unaoweza kuumiza watu.

Anza na kijana anayeuza maji baridi stendi akiwa na deli. Hana habari na nyuzi 8. Anachochungulia ni kama barafu bado ipo. Ikiwepo, maji yanakaa karibu na sifuri. Ikiisha, jotoridi linaanza kupanda na wateja wanaanza kununa. Au nenda soko la samaki la Feri asubuhi. Kilo moja ya samaki mwenye nyuzi 28, ukichukua kwamba kila gramu yake inabeba takriban jouli 3.5 kwa kila nyuzi, itahitaji jouli 98,000 ili ifike sifuri, sawa na gramu 290 hivi za barafu. Ila anayesafirisha samaki kwenye joto letu huweka zaidi sana ya hapo, hata kilo kwa kilo. Hajakosea hesabu. Gramu 290 ni za kumpoza samaki, zinazobaki ni za kulipa joto linaloingia njiani. Anapanga barafu isiishe kabla ya safari kuisha.

Sasa njoo kwenye chanjo. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi tunajua joto linaziharibu. Wachache wanajua kwamba baadhi yake huharibiwa na kuganda: chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda, ile ya mchanganyiko wa pentavalenti, ya HPV. Zikiganda halafu zikayeyuka, nguvu yake haiwezi kuaminika tena, na kwa kuitazama tu chupa huenda usigundue chochote. Mtoto anachomwa sindano, kadi inajazwa, mama anarudi nyumbani akiwa na amani, kumbe kinga haipo. Chanjo ya homa ya ini B huweza kuganda kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri.

Chukua pakiti ya barafu ya kibebeo cha chanjo, ya gramu 600, imetoka friza ikiwa na nyuzi hasi 20. Kabla haijaanza kuyeyuka inaweza kumeza 600 × 2.1 × 20, jouli 25,200. (Ndiyo, ni namba ileile ya akiba ya maji yetu. Nimeshangaa nami.) Kupoza gramu moja ya chanjo kutoka nyuzi 5 hadi sifuri na kuigandisha kunahitaji kuinyang'anya jouli 357, tukichukulia ni kama maji. Kwa hiyo pakiti moja, ikiwa baridi yake yote ingekwenda kwenye chanjo, ingeweza kugandisha gramu 70 hivi. Kibebeo hubeba pakiti kadhaa.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka pakiti zilizogandishwa ziachwe nje kwanza hadi maji yaonekane ndani, na mhudumu azitikise asikie barafu ikicheza. (Siku hizi vipo pia vibebeo vilivyotengenezwa kuzuia chanjo zisigande.) Barafu ikicheza ndani ya maji, pakiti iko kwenye sifuri. Haiwezi kuwa hasi 20 tena, wala haitapanda hadi barafu iishe.

Ukiwa mhudumu umechelewa kwenda kijijini, kuacha pakiti ziyeyuke mezani kunaonekana kama kumwaga baridi bure. Hebu tuhesabu hasara. Kutoka hasi 20 hadi sifuri: jouli 25,200. Kuyeyusha gramu zote 600: jouli 201,600. Jumla 226,800. Kwa kusubiri umepoteza sehemu moja tu kati ya tisa, pamoja na kile kidogo kilichoanza kuyeyuka. Baridi karibu yote ya safari imo kwenye kuyeyuka. Ile ya chini ya sifuri ni ndogo, na ndiyo ya hatari.

Mhudumu anayetikisa pakiti karibu na sikio lake anajiuliza lile swali ambalo mtihani ulimjibia: niko kwenye mwisho upi?

Swali ningeliandikaje

Nawaelewa watunga mitihani. Karatasi zinasahihishwa kwa maelfu, na jibu moja lenye namba moja ni rahisi kusahihisha. Najua pia wapo walimu wanaofundisha miisho yote, na nawashukuru. Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya "tafuta jotoridi la mwisho", ongeza: "Je, barafu yote itayeyuka? Onyesha." Alama mbili ziwe hapo. Na mara mojamoja namba zichaguliwe ili jibu liwe hapana.

Nikipewa nafasi zaidi ningeandika hivi:

Una gramu 200 za maji ya bomba yenye nyuzi 28, na barafu yenye nyuzi 0. Unataka baada ya kuchanganya kibaki angalau kipande kidogo cha barafu. Utahitaji barafu isiyopungua kiasi gani? Taja joto moja ulilolipuuza, na useme kama kulipuuza kumefanya jibu lako liwe dogo au kubwa kuliko hali halisi.

Likokotoe. Jibu la sehemu ya kwanza ni gramu 70 na ushee, na kwa ile 80 utalipata bila kikokotoo. La sehemu ya pili nakuachia wewe, ila glasi yako na matone yake watakusaidia.

Yule kijana wa tuisheni tulikaa naye dakika kumi zaidi siku ile. Nilimwomba aandike tena ile alama ya kutoa, kisha pembeni yake aandike kwa maneno inamwambia nini. Aliandika: "Barafu haikuyeyuka yote." Halafu akaanza hesabu upya, bila mimi kumsaidia.